Moto wa Makaa: Salamu za Pasaka kutoka Kisumu

Bwana asifiwe, wapendwa. Kristo amefufuka! Kwenu mlioko hapa Kisumu, mlioko Kakamega na Nakuru, mlio njiani kwenda nyumbani, na ninyi mliopangiwa zamu leo mkakosa ibada, pokeeni salamu zangu za Pasaka.

Mwaka huu sikukuu imenikuta nimeshikwa na maneno matatu: moto wa makaa. Nimeyasoma tangu utotoni nikiyapita tu, kama mtu apitavyo mlango wa jirani.

Yohana anayaandika mara mbili. Kwanza ni sura ya 18, usiku wa baridi, uani kwa kuhani mkuu. Watumishi wamewasha moto wa makaa, na Petro amesimama nao anakota. Mlangoni ameshamkana Bwana mara moja. Hapo motoni anamkana tena, kisha mara ya tatu, na jogoo anawika. Luka naye anataja moto wa usiku huo, lakini Yohana ndiye anayesema ulikuwa wa makaa. Kisha sura ya 21: wanafunzi saba wamekesha katika ziwa la Tiberia bila kupata kitu, kunakucha, wanashuka pwani na kukuta moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Neno la Kigiriki alilotumia, anthrakia, halimo popote pengine katika Agano Jipya zima. Ni pale na pale, basi.

Wahubiri wengi wakifika hapo huenda kwa wale samaki 153 walionaswa na wavu wa wanafunzi asubuhi ile, kwa neno la Bwana. Agostino, mwalimu wa kanisa la kale, alipiga hesabu: jumlisha 1, 2, 3 hadi 17, utapata 153, na 17 ni amri 10 pamoja na vipaji 7 vya Roho. Ni hesabu nzuri. Ila kwa mtu wa Kisumu, samaki kuhesabiwa ufuoni ni jambo la kila asubuhi. Mimi nimebaki kwenye makaa.

Makaa hayana haraka. Alfajiri ya Ijumaa Kuu nilikuwa ufuoni Dunga, nikamtazama mama mmoja akiwasha jiko. Alitia vijiti na kipande cha gazeti, akapanga makaa juu yake, akachutama akipepea kwa kifuniko cha sufuria huku moshi ukimtoa machozi. Akangoja, akapepea, akangoja tena. Makaa yalipokolea wekundu ndipo alipoweka samaki wake, ngege. Sasa nawauliza, ule moto wa Tiberia aliuwasha nani? Wanafunzi wote saba walikuwa majini. Ni Bwana mwenyewe, kwa mikono iliyotobolewa misumari, alimwandalia chakula mtu aliyesema hamjui.

Petro alijitupa majini, akafika nguo zimelowa, akapokewa na harufu ile ile ya usiku ule. Hakuna aliyemtajia jogoo. "Njoni mfungue kinywa," ndivyo walivyoambiwa. Akala kwanza. Yale maswali matatu ya "wanipenda?" yalikuja watu wameshakula. Tena samaki walikuwa tayari juu ya moto, na bado Bwana akawaambia walete na wale waliowavua wao. Hapo ndipo ninapolia kila nikisoma.

Nami ninao moto wangu. Usiku wa matanga ya mama, tukiwa tumelizunguka jiko lake, nilibishana na kaka yangu mkubwa kuhusu shamba, nikamalizia kwa kuwaambia waliokuwapo kwamba huyu simjui tena. Ni miaka 4 sasa. Tangu hapo nikienda nyumbani naishia sebuleni. Jikoni kwa mama siingii. Na najua simo peke yangu. Wengine wenu mnasafiri wikendi hii kwenda boma lenye chumba msichotaka kukiona. Nimewaombea kwa majina usiku huu, mmoja mmoja.

Kesho, Jumatatu ya Pasaka, napanda matatu ya Ahero. Nimeagiza mbuta wa kilo 3 pale Dunga. Jana nilimpigia kaka nikamwambia nakuja na samaki. Alinyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Utafika saa ngapi, niwashe jiko?"

Pasaka njema, wapendwa.