Kromosomu Zinazong'aa

Asha mpenzi,

Salamu nyingi, wewe na watoto. Mie mzima, ila baridi ya huku Ujerumani haina adabu.

Uliuliza nafanya nini kutwa kwenye chumba cha giza. Naangalia mayai ya minyoo! Usicheke. Si minyoo ya tumbo. Huyu ni C. elegans wa udongoni, urefu wake milimita moja tu, na mwili wake hupitisha mwanga. Tunampasua kwenye tone la maji ya chumvi, mayai yanatoka, tunayafunika kwa kioo chembamba na kuwahi hadubini.

Zamani, ili kuona kromosomu (vile vifurushi vya DNA ndani ya seli) vizuri, ulikiua kiinitete na kukitia rangi. Siku hizi ipo GFP, protini ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa konyeza mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba jeni yake ikitiwa kwa mnyoo huyuhuyu, seli zake hung'aa akiwa hai. Wakapata Nobel ya Kemia mwaka 2008, pamoja na Roger Tsien. Minyoo wetu wana jeni hiyo imeungwa na ya histoni, protini ambazo DNA hujizungushia. Ukimulika kwa mwanga wa buluu, palipo na DNA panawaka kijani.

Basi hapo ndipo utamu ulipo. Ndani ya yai lililorutubishwa, kiini cha mama kinasafiri kukifuata cha baba upande wa nyuma, vinakutana, vinarudi katikati pamoja. Kromosomu zote 12 zinajipanga mstari, mara zinaachana, na yai linagawanyika kuwa seli mbili. Seli ya mbele hutoka kubwa kuliko ya nyuma, na ndiyo huwahi kugawanyika tena.

Unaikumbuka ile kromosomu ya X tuliyochorewa ubaoni, yenye sentromia moja, yaani sehemu moja tu ya kushikwa na kuvutwa, mikono ikiburutwa nyuma? Huku haipo. Nyuzi za seli zinazovuta hushika kromosomu kwa urefu wake wote, kwa hiyo zinapoachana huonekana kama fito mbili sambamba. Wachoree na hiyo wanafunzi wako, wasidhani kila kiumbe hufuata kitabu.

Tatizo ni taa. Ukitaka picha ya kupendeza unaongeza mwanga, na mwanga mkali hukidhuru kiinitete: kinachelewa, pengine kinakwama kabisa, nawe unabaki na video nzuri ya madhara uliyoyaleta mwenyewe. Mimi bora picha yenye chengachenga, kiinitete kiendelee kukua. Wenzangu hapa tunabishana sana juu ya hilo.

Nitakutumia video moja kwa simu. Projekta ya shule imeshatengenezwa? Kwenye kioo cha simu hawataona kitu.

Wako,
Neema