YAH: MALALAMIKO KUHUSU UMBALI NA MUDA WA SAFARI YA SONGWE–MWANZA

Meneja,
Uwakala wa Tiketi za Ndege,
Mwanjelwa, Mbeya.

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa kwenu sikuheshimiwa.

Programu yenu ya simu inasema Songwe hadi Mwanza ni kilomita 720, muda saa 1 na dakika 20. Nilimwonyesha kijana wenu wa dirishani, akajibu, "Ndiyo hivyo, mama." Kwa neno hilo niliwaambia wazee wa Mwanza wasiahirishe mazishi ya baba mdogo. Saa 10 jioni yangenikuta huko.

Hizo kilomita 720 ni za mstari wa rula kwenye ramani. Tiketi mliyoniuzia inapitia Dar es Salaam: Songwe hadi Dar kama kilomita 690, Dar hadi Mwanza kama 850. Jumla 1,540, zaidi ya mara mbili, na hapo sijahesabu kungoja ndege ya pili, ambayo iliruka saa 11 jioni! Rubani hana kosa. Siku hiyo hata ukungu wa Songwe ulituachia, na saa 4 na nusu asubuhi nilikuwa Dar.

Pale Dar, kwenye dawati lenu, nilimweleza mhudumu kuwa nina msiba. Akacheka, akasema, "Mama, hiyo ni jiografia ya darasa la nne, ndege haivuki hewani kama kunguru."

Baba mdogo alitaka kuzikwa na udongo wa Tukuyu. Niliuchota mwenyewe shambani alfajiri ile, nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilifika usiku, kaburi limeshafunikwa, mashada juu. Nikaumwagia pembeni.

Narudia, Meneja, maana sitaki mseme hamkuelewa. Nilikuwa nimelikumbatia kopo lile kifuani. Mhudumu wenu alilitazama, akamgusa mwenzake begani, akaniuliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Na hilo la nini, unakwenda kupanda migomba?" Wakacheka wote wawili. Kisha ndiyo akanipa hiyo jiografia yake.

Nilikusudia kudai nauli tu, shilingi 640,000, kwenda na kurudi. Sasa nadai nauli hiyo, barua ya kuomba radhi yenye saini yako na ya mhudumu yule, na ile namba ya kilomita 720 iondolewe kwenye programu, badala yake muonyeshe njia ndege inayopita na saa za kungoja. Mngeniambia ukweli, simu moja tu ingesogeza mazishi hadi kesho yake.

Nawapa siku 7. Zikipita, barua hii na tiketi yangu zitafika Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kisha mahakamani, na nitawadai pia gharama ya wakili.

Wako,
Abiria wenu, Tukuyu