Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: naomba kitu kimoja tu, shilingi ishikwe bungeni mpaka malori yapate barabara ya mchepuko

Mheshimiwa Diwani,

Salaam. Natumaini hujambo, familia haijambo, na lile gari jipya linapanda mlima bila shida. Sisi wa chini ya mlima hapa Mbeya tupo, isipokuwa banda langu, ambalo halipo tena.

Sitaitaja kata, wala jina lako. Unajijua, na wapiga kura wako wanakujua.

Jumatano iliyopita, saa kumi na mbili kasoro alfajiri, nilikuwa nachochea moto wa chai. Ukungu ulikuwa umeshuka, mlima Loleza hauonekani kabisa. Nikasikia honi. Wanaokaa kando ya barabara hii kuu ya kwenda Tunduma wanaijua honi hiyo. Honi ya kuomba njia hukatika, inalia tena, inakatika. Hii haikatiki, ni ya lori lililokatika breki. Ukiisikia humuulizi mtu, unakimbia. Nikakimbia. Binti wa dada yangu, anayenisaidia kuosha vyombo, alirudi ndani kuchukua simu yake.

Yuko wodini mpaka leo, mguu umetiwa vyuma.

Tela lilipita juu ya meko, juu ya mabenchi matatu, juu ya friji niliyoichukua kwa mkopo wa kikundi (marejesho yamebaki miezi minane, na kikundi hakijui habari za breki), likaenda kulala mtaroni. Dereva akashuka anatetemeka kama mtu wa homa, akaniambia, "Mama, zimeniishia." Namfahamu. Wiki moja kabla alikula ugali kwangu akaniachia chenji yote.

Hakufa mtu. Mchana ukaandika kwenye kundi la WhatsApp la kata kwamba unatoa pole na kwamba "tumshukuru Mungu." Namshukuru, Mheshimiwa, asubuhi na jioni. Ila Mungu hakuja kuniomba kura.

Wewe ulikuja. Ilikuwa Septemba, wakati wa kampeni. Ulipanda juu ya benchi langu, moja ya hayo matatu, ukanyoosha kidole kuelekea juu ya mlima ukasema malori haya yatakutambua. Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, sikatai. Halafu wewe na vijana wako mkala wali maharage sahani kumi na nne, mkasema mtalipa kesho. Daftari langu nimelikuta mtaroni limelowa, lakini ukurasa wako unasomeka vizuri.

Nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa hadhara, ulitusomea orodha ya mambo utakayotaka jiji liwabebeshe wabunge wetu kwenda nayo Dodoma. Mambo kumi na nne. Niliyahesabu kwa vidole mpaka nikaazima vya jirani. La kwanza lilikuwa taa za uwanja wa mpira. La pili posho za madiwani, na hilo ulilisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita msibani na redio. Likaja la hafla, likaja la kutangaza vivutio. Malori yalikuwa la kumi na moja, na wala hayakutajwa kwa jina. Uliandika: "Kuendelea kuikumbusha Serikali kuhusu usalama barabarani."

Kuendelea kuikumbusha! Juni 2024 lori lilishuka Mlima Simike likagonga magari ya abiria, watu 13 wakafa. Juni 2025 lingine likashuka Iwambi, likafa watu 28 pale kwenye daraja la Mbalizi. Mwaka mmoja kati ya msiba na msiba. Kuna Mtanzania gani mwenye cheo ambaye bado anahitaji kukumbushwa? Walikuja, walivaa nyeusi, walisimama pale pale. Kukumbushwa wamekumbushwa. Kinachotakiwa sasa ni fedha, na fedha haipatikani kwa kukumbusha.

Mimi ni mama ntilie, sheria sijasoma. Lakini kuna mwalimu mstaafu anayekunywa chai kwangu kila siku, sasa anainywa akiwa amesimama, na yeye ndiye aliyenifafanulia. Barabara kuu hii ni ya TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu, iko chini ya Wizara ya Ujenzi. Hata barabara za mitaani kwetu zilikwenda TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Kwa hiyo Mbeya ni jiji tangu 2005, sawa, lakini kwenye lami hii ni mpangaji. Baraza lenu haliwezi kuweka hata tuta moja bila kuomba. Nilipolielewa hilo, hasira yangu kwako ikapungua kidogo, halafu ikarudi maradufu. Kama ulichonacho ni mdomo peke yake, kwa nini unautumia kusema mambo kumi na manne?

Tena mwalimu akaongeza: mbunge naye hawezi kusimama akajiongezea fedha kwenye bajeti. Katiba, ibara ya 99, mambo ya fedha yanaanzia Serikalini. Nikamuuliza, basi tunawapeleka kule kufanya nini? Akacheka. Akasema, wanaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri mpaka ajibu.

Hilo nalijua, nalisikiliza kwenye redio kila mwaka nikichambua maharage. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika Juni 30. Ikifika zamu ya Wizara ya Ujenzi, mbunge anasimama: Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kutosha nitashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Waziri anainuka, anasema Serikali ni sikivu, upembuzi unaendelea, fedha zikipatikana. Na mbunge anasema, kwa maelezo hayo mazuri narudisha shilingi. Mara zote wanairudisha! Mimi mteja akichukua chapati haniambii "kwa maelezo hayo mazuri." Analipa.

Ninachokuomba ndicho hicho, na ni kimoja. Mbunge wetu ashike shilingi juu ya barabara ya mchepuko ya malori, ile ya kuzunguka nje ya jiji ambayo tumeisikia majukwaani mpaka masikio yameota sugu, na asiirudishe mpaka Waziri ataje mwaka na kiasi kilichotengwa kwenye kitabu cha bajeti. Upembuzi hatuutaki tena. Mwaka na kiasi.

Na usiniambie wabunge huwapati. Sheria inawafanya kuwa wajumbe wa baraza lenu la madiwani. Mnakaa ukumbi mmoja, mnakunywa maji ya chupa za aina moja. Zamani tulikuwa na mmoja kwa jiji zima. Tangu uchaguzi wa 2025 jimbo limegawanywa, kuna Mbeya Mjini na kuna Uyole, kwa hiyo tuna midomo miwili Dodoma. Kabla ya hapo, kuanzia Februari 2022, mbunge wetu ndiye aliyekalia kiti cha Spika. Sote tulitamba, mimi nilipika pilau siku ile. Ila Spika hashiki shilingi, yeye ndiye anayewaita wanaoshika. Sasa kisingizio hicho hatuna.

Najua utanionyesha barabara ya njia nne, Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29. Nimeiona, vumbi lake nimelila, na ninaishukuru kweli kweli. Ndaga fijo, kama wasemavyo ndugu zetu wa Rungwe. Lakini njia nne ndani ya jiji bado ni ndani ya jiji. Lori la mafuta ya Kongo na lori la shaba ya Zambia yatapita pale pale wanapovukia watoto wa shule, ila safari hii yatakuwa na nafasi ya kupishana. Na mlima haujapungua hata mita moja.

Kwa nini breki zinaisha? Mimi nasikia ya mezani, na meza yangu imekaliwa na madereva wa miaka kumi na mitano, kwa hiyo nadhani nasikia kitu. Wengine wanaweka gia huru ili waokoe mafuta wakayauze mbele, hawasemi ni wao, wanasema "wenzetu." Wengine wanasema bosi analipa kwa safari, ukilala Igawa au Makambako umekula hela yako mwenyewe. Wengine wanalaumu vipuri vya bei rahisi. Mmoja aliniambia huko Afrika Kusini wameweka kando ya miteremko njia za dharura zenye kokoto nyingi, lori lililokatika breki linaingia humo linazama, dereva anashuka salama anawasha sigara. Akasema hapa kwetu kokoto hiyo ni mabanda yenu. Alisema kwa mzaha. Nilicheka pia, siku hiyo.

(Na reli ya TAZARA ipo, kilomita 1,860, ilijengwa kwa ajili ya shaba hiyo hiyo na stesheni yake iko hapa hapa jijini. Lakini nikianza hilo sitamaliza, na nimeahidi jambo moja.)

Kuna wenye midomo mitaani wanaoniuliza: mama, malori yakihamishwa utamuuzia nani? Hilo nimelilalia na nimeliamkia. Ni kweli, karo za wanangu watatu zimetoka kwenye matumbo ya madereva. Siku mchepuko ukifunguliwa nitakuwa wa kwanza kufika huko na sufuria zangu. Banda ni mbao na mabati, linahamishika kwa mkokoteni mmoja. Mguu wa yule binti hauhamishiki, naye ana miaka kumi na saba tu.

Kuhusu hasara yangu sikuandikii. Ofisi moja inanituma kwenye ofisi nyingine, ya pili inataka karatasi ya tatu, na mwenye lori hapokei simu. Friji siiombi kwako. Naam, ningefurahi mtu akinisaidia friji, lakini si kwenye barua hii.

Kwenye barua hii naomba hivi: rudi kwenye orodha yako, futa kumi na tatu. Taa za uwanja tutacheza mchana. Vivutio vitasubiri, havijawahi kwenda popote. Baki na moja, iandike kwa lugha ya mtu aliyechoka, ipeleke barazani kabla ya Aprili, ipitishwe kwa azimio lenye muhtasari na sahihi, na wabunge wote wawili wakabidhiwe mkononi mbele ya watu. Washike shilingi. Mmoja akichoka, mwenzake apokee. Washike, Mheshimiwa, waishike hiyo shilingi.

Deni la sahani kumi na nne nalifuta siku nitakapomsikia Waziri anataja mwaka. Kabla ya hapo linabaki.

Kwa sasa nipo upande wa pili wa barabara, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, nauza chai na mihogo tu. Mwalimu amenithibitishia kuwa vikao vya baraza ni vya wazi na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kikao kijacho nitakuja. Nitakaa viti vya nyuma, nitakuja na daftari.

Mpiga kura wako,
Mama ntilie wa chini ya mlima
Mbeya