Barua ya wazi kwa mdogo wangu: usiilaumu nondo

Mdogo wangu,

Salamu. Huku tu wazima, hofu ni kwako uliyenuna. Ujumbe wako nimeusoma, na ule uliomtumia shangazi ukidhani hautanifikia nimeusoma pia. Umesema anayeutetea mwisho wa Supernatural, ile tamthilia ya ndugu wawili wanaowinda mapepo na mazimwi, hakuwahi kumpenda Dean Winchester, yule kaka mkubwa. Nakujibu hadharani kwa kuwa ulianza hadharani, na kwa kuwa wapo wengi waliokwama ulipokwama wewe tangu tarehe 19 Novemba 2020: ndani ya lile ghala la Ohio, Dean amesimama wima, nondo ya chuma, ile ya ujenzi, imemwingia mgongoni, na Sam, mdogo wake, bado hajaelewa.

Hoja yako naijua. Mtu aliyekaa kuzimu akarudi, aliyebeba alama ya Kaini, aliyemkabili Lusifa na Mauti na Mungu mwenyewe, hawezi kumalizwa na nondo akipigana na wanyonya damu wachache waliovaa vinyago. Steringi hafi namna hiyo. Sawa. Lakini jiulize ni nani aliyekuwa akihakikisha steringi hafi. Mwisho wa msimu wa 14 tulionyeshwa kwamba ni Chuck, yaani huyo Mungu wa hadithi, aliyekuwa akiyaandika maisha yao tangu mwanzo. Sasa rudi msimu wa 15, sehemu ya 10, ile uliyoicheka sana. Chuck ameshaondoa mkono wake. Sam kashikwa na mafua, gari linagoma, kadi ya benki inakataliwa, na Garth, rafiki yao aliye daktari wa meno, anachungulia kinywa cha Dean anakuta meno 17 yametoboka. Garth anawaambia wazi kwamba hawakuwahi kuwa watu wa kawaida, na sasa yanawapata yanayowapata watu wa kawaida. Wengi waliichukulia kama sehemu ya kupumzisha akili, wakati kifo cha ghalani kilishaanza kuandaliwa pale.

Utanijibu kwamba sehemu ya 11 walikwenda Alaska na bahati yao ikarudishwa na Fortuna, mungu wa kike wa bahati. Kweli, walirudishiwa. Ila sehemu ya 19 Jack, yule mtoto wa Lusifa waliyemlea, akazichukua nguvu zote za Chuck, akawaambia wale ndugu wawili kwamba yeye hataingilia maisha ya watu. Tangu hapo hakuna anayeandika na hakuna anayefuta. Dean alipoingia ghalani aliingia kama fundi anayepanda jukwaa bila kofia wala mkanda: ujuzi anao, miaka anayo, na siku moja mguu ukiteleza basi. Tena aliingia kuwatoa watoto wawili, kaka na mdogo wake. Kazi aliyoianza nayo ndiyo aliyoimaliza nayo. Ukitaka Dean afe kwa mkono wa adui mkubwa, mbele ya moto na ngurumo, unamtakia mwisho aliokuwa akiupanga Chuck, na Dean aliukataa mwisho ule kwa mdomo wake.

Na hili la kusema Sam alimwacha afe, naomba uliache kabisa. Kitu kilichoingia mwilini kikakwama hakichomolewi. Kikiwa ndani kinabana mishipa kiliyoikata. Ukikivuta damu inafunguka na mtu anakwisha mikononi mwako. Kinachofanyika ni kukiacha palepale, kukizungushia vitambaa kisiyumbe, kutomsogeza mtu, na kuita msaada. Nondo ni mbaya zaidi kwa sababu mwili wake wote una mbavumbavu za kushika zege, kwa hiyo inararua ikiingia na inararua ikitoka. Dean anajua. Anamwambia Sam asimsogeze, kwamba kile kitu ndicho kinachomshikilia. Sam anataka kukimbilia sanduku la huduma ya kwanza, anataka kupiga simu. Dean ndiye anayemzuia na kumwomba abaki naye. Halafu anamkataza kumrudisha, na hapa wengi mlikuwa mmeshaanza kulia hamkusikia. Kumbuka gharama ya kila kurudishana kwao. Mwisho wa msimu wa 2 Dean aliuza roho yake ili Sam afufuke. Akaishia kuzimu, akavunja muhuri wa kwanza, kiama kikaanza. Msimu wa 9 alimruhusu malaika Gadreel aingie mwilini mwa Sam ili kumponya, Sam mwenyewe asijue. Nabii Kevin Tran, rafiki yao, akauawa kwa mikono hiyohiyo ya Sam. Dean wa ghalani ameyaona yote hayo. Anamweleza Sam jinsi alivyosimama nje ya chumba chake cha chuoni Stanford kwa saa nyingi, akiogopa kufukuzwa, usiku ule hadithi ilipoanza. Kisha anamwomba amwambie kwamba ni sawa aende. Sam anakataa, mwishowe anamwambia. Nionyeshe mahali pengine ndani ya misimu 15 ambapo mmoja wao alimruhusu mwenzake kuondoka bila hila yoyote. Hutapaona.

Kwa hiyo ghala silitupi. Nikitupiwa mawe kwa hilo, nitupiwe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nami nina kidonda, na nilitegemea wewe ungekiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni sehemu ya 18, ya tarehe 5 Novemba 2020. Billie, ambaye sasa ndiye Mauti, anaugonga mlango. Castiel, malaika rafiki yao, amejikata kiganja na kuchora alama ya kinga mlangoni kwa damu yake, nayo haitadumu. Ndipo anapomweleza Dean makubaliano aliyofanya na Utupu, kule malaika wanakokwenda wakifa, msimu wa 14 ili kumwokoa Jack: siku atakayokuwa na furaha ya kweli, ndiyo siku atakayochukuliwa. Furaha hiyo anaipata kwa kusema tu. Anamwambia Dean kwamba kila alichofanya, kibaya na chema, alikifanya kwa upendo, kwamba yeye si muuaji kama anavyojiona. Kisha anamwambia anampenda. Mkono wenye damu unatua begani, bega la kushoto, palepale alipomshika alipomtoa kuzimu mwanzoni mwa msimu wa 4. Anamsukuma pembeni. Utupu unamchukua yeye pamoja na Billie. Dean anabaki sakafuni, ameegemea ukuta. Simu inaita. Ni Sam. Dean anaitazama, haipokei, anafunika uso kwa mikono. Basi.

Ile simu siwezi kuisamehe. Tukio lenyewe ni zuri kupita kiasi. Naulaumu ukimya ulioachwa nyuma yake. Sehemu ya 19 Dean anawapa Sam na Jack taarifa kwa sentensi chache kwamba Castiel hayupo. Sehemu ya 20, kwenye tamasha la pai, Sam anamtaja, Dean anajibu kwamba maumivu hayaondoki lakini wasipoendelea kuishi kafara ile itakuwa bure, kisha anapakwa pai usoni. Huko mbinguni Bobby, mzee aliyekuwa kama baba yao, anagusia kwamba Castiel alisaidia, Dean anatabasamu. Hayo ndiyo maombolezo yote ya miaka kumi na mbili.

Wapo wanaosingizia korona. Ni kweli upigaji picha Vancouver ulisimama Machi 2020 zikiwa zimebaki sehemu mbili, na wakarudi Agosti kwa masharti na karantini, wahusika wakapunguzwa. Kwa sababu hiyo nawasamehe mbingu iliyokuwa tupu kwa kukosa watu. Nawasamehe wigi la uzee wa Sam. Lakini maombolezo hayahitaji mgeni. Chumba kimoja, Dean, lile koti lenye alama ya mkono, kamera moja, dakika mbili. Hakuna karantini inayozuia hilo.

Hata hivyo jibu la Dean lipo, na hapa ndipo nakulaumu wewe. Sehemu ya 19 Chuck yuko chini, hana nguvu, anasubiri Dean ammalize, tena anajivunia kufa kwa mkono wa muuaji mkuu. Dean anakataa. Anasema yeye si mtu wa namna hiyo. Maneno hayo aliyapata wapi? Castiel alimpa siku ile, mlango ukigongwa. Akayachukua, akayafanyia kazi mbele ya Mungu. Mimi nalihesabu kuwa jibu kubwa kuliko lolote ambalo angelisema pale ukutani. Wewe uliiruka sehemu hiyo ukaenda moja kwa moja kwenye ghala, kwa sababu mtandaoni ghala ndilo lililokuwa likizungumzwa.

Ukaniletea pia ile sauti ya Kihispania ya Amerika ya Kusini, ambamo Dean anamjibu Castiel kwamba naye anampenda, eti ndiyo ushahidi kwamba jibu lilikatwa. Mdogo wangu, sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video na sauti za kina Lufufu na DJ Afro tunajua mtia sauti anavyoweza kuongeza chake. Inafurahisha kusikia, nami nafurahi ukifurahi. Ila usiitumie kama nakala ya hati. Kama unatafuta ushahidi, tazama sehemu ya 9, toharani. Dean anapiga magoti, anaomba, analia, anamsamehe Castiel. Wanapokutana anataka kusema kitu zaidi, Castiel anamzuia: hahitaji kusema, sala ameisikia. Kwa hiyo Castiel alikuwa ameshazoea kumsikia Dean bila maneno. Hilo liko ndani ya hadithi yenyewe, katika lugha yake, kwa kalamu ya waandishi wenyewe.

Kuhusu Eileen, yule mwindaji kiziwi mpenzi wa Sam, sina la kukupinga. Msimu mzima Sam anahangaika naye, anamfufua sehemu ya 6, Eileen anaondolewa duniani sehemu ya 18, kisha watu wote wanarudi na jina lake halitajwi tena. Tukapewa mke wa Sam asiye na uso kwa mbali. Mashabiki viziwi waliomwona kwa Shoshannah Stern mwindaji anayeongea kwa ishara kama wao walistahili walau jina. Hasira yenu hapo ni yangu pia.

Ushauri wangu ni huu. Rudia, lakini kwa mpangilio: sehemu ya kwanza ya msimu wa 4 kwa ajili ya bega, sehemu ya 8 ya msimu wa 14 kwa ajili ya makubaliano, kisha msimu wa 15 sehemu za 9, 10, 18, 19 na 20, usiruke hata moja. Ukifika ya 20, mtazame Sam baada ya mazishi, simu ya Dean inapoita. Anaipokea. Mtu anahitaji mwindaji huko Austin, naye anaenda. Mimi niliposema Dean alikufa vizuri nilikuwa nalisema hilo, na ningelieleza lote kama usingenikatiza kwa picha ya wigi mbele ya wajomba. Nimempenda Dean kwa muda uleule uliompenda wewe. Sikumtakia kifo. Nilimtakia kifo ambacho hakuna aliyemwandikia.

Na shangazi mwandikie tena. Umweleze kwamba nilichotetea ni ghala, na kwamba kuhusu sehemu ya 18 mimi na wewe tuko upande mmoja.