Tukae katikati ya mji wa Lindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee tunaoishi katikati ya mji wa Lindi, karibu na ghuba, ambako nyumba zimebanana na duka liko barazani. Nikitoka sokoni kwa miguu na samaki aliyevuliwa alfajiri, huwahi kazini bila kulipa bodaboda, ilhali mwenzangu aliyefuata kiwanja kikubwa nje ya mji hulipa nauli hata akiishiwa chumvi. Joto lipo, sikatai, na redio ya jirani ni yetu sote. Ninachoomba kwa wahusika ni kuzibua mifereji kabla ya mvua, na kuhimiza magofu ya mji huu, uliokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini hadi 1952, yakarabatiwe yawe nyumba za kupangisha, kabla ya kupima viwanja vipya porini.

Mkazi wa Lindi Mjini