Kabla ya Kuchagua Bikini, Jua Mtindo Wake Ulitoka Wapi

Wengi wanaotutafuta kwa ajili ya bikini hututumia picha waliyoipenda na kuuliza kama saizi yao ipo. Nasi huwauliza: ukifika majini utafanya nini? Utaogelea hasa, utacheza na watoto, au utajilaza juani? Swali hili tunalijali sana, kwa sababu kila mtindo ulizaliwa na haja yake, na ukiuvaa kwa haja nyingine utakusumbua siku nzima.

Vazi la vipande viwili ni la kale. Huko Sicily, katika jumba la Kirumi la Villa Romana del Casale, kuna mozaiki ya karne ya 4 inayoonyesha wasichana wakikimbia na kucheza mpira, kifuani wamejifunga kitambaa na chini wamevaa chupi fupi. Hawakuwa wakiogelea, walikuwa michezoni. Kile kitambaa cha kifuani kisicho na kamba za mabegani ndicho tunachokiita bando leo.

Katika miaka ya 1940 vipande viwili vilikuwa vimeshazoeleka, ila chupi ilipanda hadi kufunika kitovu, kwani kukionyesha kulihesabiwa aibu. Louis Réard ndiye aliyeuvuka mpaka huo. Alikuwa mhandisi wa magari aliyeendesha duka la mama yake la nguo za ndani huko Paris, na tarehe 5 Julai 1946 alionyesha vazi lake kwenye bwawa la Molitor. Aliyekubali kulivaa ni Micheline Bernardini, mnenguaji wa Casino de Paris. Siku chache kabla, Marekani ilikuwa imelipua bomu la nyuklia kwenye visiwa vya Bikini katika Bahari ya Pasifiki, na Réard akalichukua jina hilo lililokuwa midomoni mwa watu. Wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa wamehamishwa kupisha majaribio hayo, na sisi tunaouza vazi lenye jina la kwao tunaona si haki kuwasahau.

Bikini ya pembetatu, yenye kamba za kufunga shingoni na mgongoni, ndiyo iliyobaki karibu zaidi na wazo la Réard. Uzuri wake ni kwamba unaikaza au kuilegeza upendavyo. Lakini uzito wote wa kifua unaning'inia shingoni, kwa hiyo mwenye kifua kikubwa ataumwa shingo kabla jua halijatua. Na wimbi moja kali linatosha kufungua fundo. Kwa kujilaza juani hatuna pingamizi. Kwa kuruka majini, hapana. Bando nayo hupendwa kwa kuwa haiachi alama za kamba mabegani, ila huteremka ukiogelea. Tafuta yenye kamba za mabegani unazoweza kuzifunga na kuziondoa.

Tanga, ile ya chupi ndogo, ilitamba kutoka fukwe za Rio de Janeiro miaka ya 1970. Anayeipenda huijua, hatuna haja ya kumshawishi mtu.

Tankini ndiyo tunayoitetea zaidi. Ilipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia mbunifu wa Marekani Anne Cole: juu kama fulana isiyo na mikono, chini chupi. Inasitiri tumbo kama vazi la kipande kimoja, lakini ukienda msalani huvui kila kitu. Pia, kipande cha juu na cha chini vikiuzwa kila kimoja peke yake, mwenye nyonga pana na kifua kidogo anaweza kuchukua saizi mbili tofauti. Angalia pindo la chini tu: likipwaya, maji yataliinua hadi kifuani.

Bikini nyingi za leo hushikilia mwili kwa spandeksi, uzi wa kunyumbuka uliobuniwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958. Vazi la kuogelea hulegea kidogo likilowa, ndiyo maana bikini inayokutosha kwa raha sana dukani itapwaya majini. Inapaswa kukukumbatia bila kukukata. Ukiijaribu, inua mikono juu kabisa, kisha chuchumaa. Mkanda wa chini ya kifua ukipanda, saizi ni kubwa.

Klorini ya bwawani huila spandeksi polepole, na joto huharakisha. Isuuze bikini yako kwa maji baridi mara tu utokapo, usiikamue kwa kuisokota, na uianike kivulini. Anayeogelea bwawani kila siku tunamshauri achukue ya poliesta isiyo na spandeksi. Haivutiki sana, lakini hudumu zaidi.

Ukituandikia, tupe vipimo vitatu: chini ya matiti, kuzunguka matiti palipojaa zaidi, na nyonga zilipo pana kabisa. Pima ukiwa umevaa nguo nyepesi, utepe ukiwa sawasawa mbele na nyuma. Kisha utueleze ukifika majini utafanya nini.