Barua kwa mwanangu anayekwenda kusomesha Pemba

Mwanangu,

Boti yako ni Alkhamisi, na neno moja halinitoki rohoni. Ulisema wazee wa mashamba hawajali skuli. Usivuke nalo.

Maofisa wa Kiingereza wa enzi ya ukoloni walilalamika vivyo hivyo. Amri ya Sultani wa Zanzibar ya Aprili 1897 ilimruhusu mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru. Bwana akalipwa fidia. Aliyeachwa huru hakupewa hata shubiri ya ardhi, na ilimbidi aonyeshe ana pa kukaa na cha kumlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Wengi wakabaki chini ya mikarafuu ileile, wakilima muhogo kwa ruhusa ya mwenye shamba, na fedha wakizitia mkononi msimu wa kuchuma, kwa pishi, kipimo cha karafuu walizochuma. Nyumba kama hiyo haina mkono wa ziada.

Kaa nao usiku mmoja wakichambua. Karafuu ikishuka mtini haingojei: kila kishada huvunjwa kiganjani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, usiku huohuo, maana ikilala rundo hupata joto ikaharibika. Kisha jamvini, jua kali siku nne au tano. Mvua ikiiwahi, inageuka mpeta, karafuu iliyoharibika, na bei inaanguka. Vidole vya watoto ni vyepesi kwa kazi hiyo. Asubuhi dawati tupu, na mwalimu anaandika "mtoro".

Skuli ya serikali nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuja na herufi za Kirumi, ikitafuta makarani. Mzazi alitaka mwanawe ahitimu kwanza chuoni, kwenye Kurani. Kurani ilipoingizwa kwenye ratiba, watoto wakaja. Hiyo ndiyo kutojali? Hata mimi nimewaita wavivu, nawe ukisikia. Pengine ndiko ulikolitoa.

Nakuonea fahari, cheti chako nimewaonyesha majirani wote, lakini ulimi wako ni mwepesi. Msimu ukianza, marudio yaweke saa ya kwanza na hesabu mpya baada ya mapumziko, wapate kuwahi waliokesha. Kando ya majina andika siku za mvua. Usimfute mtoto kabla hujafika kwao, na ukifika, usiseme hawajali.

Chandarua nimekitia mkoba wa buluu. Ufunguo wa kabati uuache kwa bibi yako. Sare ya mdogo wako imo ndani na Jumatatu anaihitaji.

Mama yako